Bondia Aliyekataza Taulo

Kaeni, wapendwa. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia ukae, maana ninachotaka kusema leo ukikisikiliza umesimama magoti yatakulegea. Mimi darasani sikukaa sana, hilo kila mtu hapa analijua, lakini mifano Mungu amenipa mpaka wachungaji wenye digrii wananipigia simu Jumamosi: "Mtumishi, una nini cha kunipa kesho?" Huu sikuwapa. Huu nimewatunzia nyinyi.

Alikuwepo bondia wa uzito wa juu. Uzito wa juu, siyo hawa vijana wepesi mnaowaona wanaruka kamba kule stendi. Huyu alikuwa mtu! Akikaa kwenye benchi kama hilo la kina mama, aliyekaa mwisho upande wa pili ananyanyuka juu. Shati lake moja fundi angelifumua akatoa mapazia ya nyumba nzima. Mimi nimeshikana naye mkono. Kiganja changu kilipotea humo ndani, nikawa naomba kimoyomoyo nirudishiwe. Ulingoni walimwita Greda, kwa sababu akipita hakuna kinachobaki kimesimama.

Na mwalimu wake sasa! Kizee kidogo, chembamba, ukikitazama pembeni hukioni. Lakini ndiye aliyemtoa Greda kwenye kubeba magunia sokoni, akamfundisha kusimama, akamfundisha mkono wa kushoto ulinde shavu, akamfundisha ile ngumi ya kulia inayotoka chini, ambayo watu wakiiona walikuwa wanafumba macho kwa huruma. Walifanyia mazoezi nyuma ya mashine ya kusaga. Unga unaruka, mabondia wanatoka pale weupe tupu, watoto wakiwaona wanakimbia.

Sasa kuna kitu lazima mkijue. Ngumi zina desturi yake. Bondia akiwa ulingoni, mwalimu anakaa kona, nje ya kamba, na taulo jeupe begani. Lile taulo siyo la jasho tu. Akiona mtu wake anapigwa na hawezi tena kujilinda, analirusha katikati ya ulingo, na refa anasimamisha pambano. Umeshindwa, ndiyo. Lakini unarudi nyumbani kwa miguu yako. Na bondia mwenyewe hawezi kujirushia taulo. Mikono iko ndani ya glavu, kichwa kiko ndani ya kelele, atarushaje? Ndiyo maana lazima awepo mtu nje ya kamba, anayeona kile ambacho wewe uliye ndani hukioni.

Mmeshika hapo? Haya.

Greda akapigana na Mzambia mmoja, bingwa, mkanda kiunoni. Raundi tano za kwanza, ulingo ulikuwa unatikisika mpaka vumbi linatoka chini ya mbao. Raundi ya sita mwalimu akaona kitu. Watu wote wanatazama mikono, yeye anatazama macho. Akaona macho ya mtu wake yanatazama kushoto na ngumi zinatokea kulia. Hakungoja. Akarusha taulo.

Mungu wangu, zile kelele! Watu walizomea mpaka kunguru wakahama mji. Na kesho yake, mitaani, jina la Greda likafa. Wakamwita Bwana Taulo. Muuza nyama: "Karibu, Bwana Taulo!" Vijana wa kijiweni: "Taulo, umekauka?" Akaenda kunyoa. Kinyozi kamaliza upande mmoja, akachukua kitaulo cheupe cha kumfutia nywele shingoni, akasimama nacho mkononi.

"Samahani, kaka," akasema, "hiki nikuwekee, au nikikitoa utafikiri nimesimamisha pambano?"

Saluni nzima ikaanguka kwa kicheko. Yule mtu akanyanyuka, akatoka na nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina nywele, akatembea hivyo mji mzima mpaka nyumbani. Tangu siku ile hakutaka kuona taulo. Aliyachoma yote, ya mazoezini na ya nyumbani. Watoto wake wakioga wanasimama juani mpaka wakauke kama dagaa.

Mnacheka. Chekeni sasa hivi, maana mbele huko hamtacheka.

Mke wake alikuwa anaitwa Nakijwa. Huyu mama alikuwa na jambo moyoni ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa anaona vitu. Mumewe anamimina chai, chai inaanguka pembeni ya kikombe, naye anaendelea kumimina. Anauliza, "Mtoto ametoka shule?" na mtoto amekaa magotini pake. Anaamka asubuhi ameshika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba ndoo imejaa anaogopa isimwagike.

Halafu siku moja amempikia ugali na maharage. Mtu akala, akamaliza, akanawa, akasimama. Akaingiza mkono mfukoni, akamtazama mke wake aliyemzalia, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akamwambia:

"Dada, shilingi ngapi?"

Nakijwa akacheka. Alifikiri ni utani. Akamwangalia usoni. Mtu hakuwa anacheka. Mkono bado uko mfukoni, anangoja aambiwe bei.

Kina mama, ungekuwa wewe ungelala usingizi gani? Mwanaume uliyemjua tangu ujana, leo anakuona mama ntilie! Baada ya muda kidogo mume akili zikamrudia, akajishika kichwa, akasema, "Aa, nimechoka tu." Akatoka nje. Lakini yule mama tangu siku ile, kila mumewe akiingia mlangoni, alikuwa anatega sikio. Anangoja: leo ataniita nani?

Promota akaja na habari. Yule Mzambia amekubali kurudiana. Jumatatu ya Pasaka, mchana, uwanja wa wazi, mshindi anachukua mkanda na gari. Greda akaruka kwa furaha mpaka bati likalia. Akakimbia kwa mwalimu.

Mwalimu akasema, "Mimi hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Mwanangu, niangalie. Vidole hivi viko vingapi?"

"Mwalimu, mimi siyo mtoto wa chekechea."

"Nimekuuliza viko vingapi."

"Wewe ndiye uliyeniua!" Greda akapiga kelele. "Ningemmaliza yule! Raundi moja tu, ningemmaliza! Wewe ukanirushia kitambaa mbele za watu. Sasa sikiliza. Jumatatu ya Pasaka mimi napanda ulingoni. Ukitaka kuwa kona yangu, uape hapa hapa hutarusha taulo. Hutaki, nawachukua wale vijana wa kijiweni wakae kona."

Mwalimu akawafikiria wale vijana. Wale kazi yao ni kushangilia. Watamwambia piga tu, unaongoza, mpaka wamzike. Akaona, nikikataa, siku ile hakutakuwa na jicho hata moja nje ya kamba.

Akanyanyua mkono. "Naapa mbele za Mungu. Sitarusha taulo."

Nakijwa aliposikia, hakuvaa hata viatu vya kufanana. Alifika nyuma ya mashine ya kusaga asubuhi, unga umemjaa kichwani, amekuwa kama bibi yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari ya mbio."

"Umeapa?"

"Nimeapa."

"Kwa nini umeapa, mwalimu? Wewe ulimwona macho! Mimi nilikaa kule nyuma nikasema asante Mungu, kuna mtu ameona. Sasa na wewe umeapa?"

"Nisingeapa ningekuwa nje ya uwanja, mama. Sasa nitakuwa pembeni ya kamba."

"Pembeni ya kamba mikono mitupu unafanya nini?"

Mwalimu akaitazama mikono yake. Nakijwa akapiga magoti kwenye unga.

"Mimi mkanda siutaki," akasema. "Gari lao silitaki. Nirudishie baba wa watoto wangu akiwa ananijua jina. Akiwa ananijua jina tu, mwalimu. Hayo mengine achukue Mzambia."

Ikafika Jumatatu ya Pasaka. Mimi nilikuwepo, tena mbele kabisa, jasho lao lilikuwa linaniangukia kwenye shati. Watu walijaa mpaka juu ya miti, mpaka juu ya tangi la maji, nasikia mpaka gerezani waliomba wafunguliwe dirisha. Jua linawaka. Ngoma, mavuvuzela, mabati yanagongwa. Na nusu ya uwanja imekuja na mataulo meupe wanayapunga hewani kumdhihaki: "Taulo! Taulo! Taulo!"

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Greda alimkagua mwalimu wake kama polisi. Akatoa taulo la mwisho kwenye begi la mzee, akalitupa nje. Akakuta leso mfukoni, akaichana. Akamwambia, "Kona utakaa na ndoo, stuli na sponji ya kunifutia. Basi."

Kengele ikalia.

Raundi ya kwanza, nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu Greda akamkalisha Mzambia chini, na mimi nawaambia ardhi ilitetemeka. Watu wakabadilika palepale. Wakaacha kuimba Taulo, wakaanza, "Greda! Greda!" Na yeye akacheka, akanyanyua mikono. Ndivyo alivyojizoeza: hata akipigwa, anacheka, ananyanyua mikono, watu waone hakuumia.

Raundi ya tano, mkono wa kushoto ukaanza kushuka.

Mwalimu kona, "Shavu! Funika shavu!" Nani anamsikia? Mavuvuzela. Greda akirudi kukaa kwenye stuli, mwalimu anamshika uso, anamtazama macho. Anamuuliza, "Tuko wapi, mwanangu?" Na yeye anajibu, "Tunaongoza." Hakuulizwa nani anaongoza. Ameulizwa tuko wapi.

Nyuma kule Nakijwa amesimama juu ya kiti, mikono mdomoni. Kila mumewe anapopigwa kichwani, anamtajia Mungu jina moja moja la watoto wao.

Raundi ya saba. Ngumi moja ya sikioni, mbili za shavuni, na Greda anacheka. Anacheka, wapendwa, huku mate yanatoka upande mmoja. Refa je? Refa anaona mtu mkubwa kasimama, mikono iko juu, anacheka, atasimamishaje? Majaji wanaandika. Watu wanaimba. Uwanja mzima ule, na maelfu yote yale, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anatazama macho.

Mwalimu akachukua kilichokuwepo. Akachukua ile sponji, akairusha katikati ya ulingo.

Ikaanguka pwa! Ndogo, ya njano, imelowa. Refa akaitazama, akafikiri imeponyoka. Na Greda akaiona. Aliiona vizuri kabisa! Akaipiga teke ikatoka nje ya kamba, ikamwangukia mama mmoja kwenye mtandio. Uwanja ukalipuka. "Greda! Greda!" Akanyanyua mikono kuwashukuru, na Mzambia akaingia katikati ya ile mikono, akampiga pale anapotaka.

Sasa kuna sheria moja ya ngumi. Mtu wa kona akipanda ulingoni kabla ya kengele, pambano limekwisha hapohapo. Mwalimu aliapa hatarusha taulo. Hakuwa na taulo. Sponji imepigwa teke. Amebaki na nini?

Nawauliza nyinyi. Amebaki na nini yule mzee?

Amebaki na mwili wake.

Akashika kamba. Kizee kile, fulana imejaa maji ya ndoo, akapita katikati ya kamba, akakimbia, mikono miwili ameinyoosha hivi, akasimama kati ya Mzambia na mtu wake. Ile ngumi ya Mzambia ilikuwa njiani, Mzambia mwenyewe akairudisha. Akashusha mikono! Adui, wapendwa, adui alimwona mzee, akashusha mikono.

Na Greda?

Greda tangu raundi ya tano ngumi zake zilikuwa zinapita hewani. Huku zimekosa, kule zimekosa. Akamwona mwalimu wake. Kuna watu mpaka leo wanasema hakumtambua, kichwa kilikuwa kimeshaharibika. Waongo, walikuwa mbali. Mimi nilikuwa hapa na yeye alikuwa pale kwenye ile spika. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Alisema, "Nilikwambia usi..." na ngumi ikatoka. Ile ya kulia. Inayotoka chini. Aliyofundishwa nyuma ya mashine ya kusaga. Haikupita hewani.

Ngumi nzuri kuliko zote za siku ile alimpiga aliyekuja kumtoa.

Mzee alinyanyuka, miguu ikaacha sakafu, akaanguka chali. Uwanja ulinyamaza mpaka nikasikia bendera inapiga mlingoti. Aliyekuwa anapuliza vuvuzela alibaki nalo mdomoni. Refa akapunga mikono, basi, limekwisha. Mzambia akapiga magoti, akamwekea mzee kichwa kwenye glavu yake.

Greda akabaki amesimama katikati. Anatazama mkono wake.

Nakijwa hakuzunguka ngazi. Alipanda ulingo ule kama paka. Akampita mzee, akaenda akasimama mbele ya mumewe, akamshika uso. Alingoja. Na mimi pale chini nikajikuta na mimi nangoja, sijui hata nangoja nini. Yule mtu akamtazama. Akamtazama tena. Macho yanaenda huku, yanarudi. Midomo ikafunguka, ikafumba.

Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayetoa kitu kisimani: "Nakijwa. Nimefanya nini, Nakijwa?"

Mzee taya limevunjika. Damu imejaa mdomoni. Wanamnyanyua, anawazuia kwa mkono. Akageuza shingo akamtafuta yule mama, akamuuliza kwa lile taya bovu:

"Anakujua?"

"Ananijua, mwalimu. Ameniita jina langu."

Mzee akafumba macho. "Basi tumeshinda," akasema. "Twendeni nyumbani."

Wapendwa.

Sitaki mwende na kumsikitikia Greda. Greda ameshapona, na kila asubuhi anampikia mwalimu wake uji laini kwa sababu lile taya halitafuni tena. Nataka tujitazame sisi.

Sisi tunapiga nani? Tazama wiki yako iliyopita. Ngumi yako iliyopata sawasawa ilimpata nani? Yule anayekupiga kila siku ulimpata? Aliyekuuzia ile chupa, ulimpiga? Yule mwanaume anayekuharibia maisha, dada yangu, ulimpata? Ulimpiga mama yako, aliyekuja kukwambia mwanangu toka. Ukamwambia neno moja, mpaka leo mama wa watu hatafuni chakula. Wewe mzee wangu hapo, mkeo alikurushia kitambaa kidogo, alisema tu, "Baba, mbona siku hizi huombi na sisi?" Ukakipiga teke, na rafiki zako kijiweni wakakushangilia. Sisi tunacheka tukipigwa! Tunanyanyua mikono, watu waone hatuumii, na nyumbani wanatuona tunamimina chai pembeni ya kikombe.

Na tumefukuza mataulo yote. Mchungaji anayesema ukweli, tumehama kanisa. Rafiki anayesema ukweli, tumemfuta kwenye simu. Tumebaki na watu wa kutuambia unaongoza. Unaongoza wapi? Kwenda wapi?

Mungu alituma manabii, tukawapiga teke nje ya kamba. Mwisho hakutuma kitu. Alipita katikati ya kamba mwenyewe, akasimama kati yetu na ile ngumi, mikono miwili ameinyoosha hivi. Hivi! Na sisi tulimfanyaje, kanisa?

Msinijibu. Mnalijua.

Lakini nawaambia, pale alipoanguka hakuuliza mkanda uko wapi. Alikuwa anauliza lile moja, na mpaka asubuhi hii analiuliza juu ya kila kichwa kilichomo humu ndani: huyu bado anatujua, mimi na watu wa nyumbani kwake?

Kuna mtu hapa amekuja na ngumi imefungwa. Naiona mpaka huku. Mtu aliyekuja kukutoa unajua ni nani, unajua na nyumba anayokaa, na ulimwacha chini. Leo, kabla hujala chakula cha mchana, utakwenda kwake. Usiende na zawadi, usiende na maelezo. Nenda kamwite jina lake.

Sasa simameni wote. Sitaki wimbo bado. Nyoosheni mikono mbele, na mfungue vidole, kimoja kimoja, polepole. Vile vya kulia pia.

Hivyo hivyo. Tuombe.